Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Kwanza vya Fundi wa Miti

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Tanga, na sasa naishi na wazazi wangu Leicester, Uingereza. Nimepata nafasi ya kujifunza kazi ya kupogoa na kuangusha miti katika kampuni ndogo, na kozi yangu ya kwanza ya msumeno wa mnyororo itaanza hivi karibuni. Bosi wangu amenipa orodha ndefu ya vifaa: msumeno, hanesi (mikanda ya mwilini ya kupandia), kamba, helmeti, suruali, buti, na vingine ambavyo sivijui. Akiba yangu ni pauni 600. Kuna mzee mmoja anayeacha kazi hii ambaye yuko tayari kuniuzia hanesi na kamba zake kwa bei nafuu sana, na kuna duka lenye punguzo kwa ule msumeno mdogo unaoshikwa kwa juu. Nianze na kipi?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kupata nafasi hiyo. Kabla hujatoa hata pauni moja, rudi kwa bosi wako umwulize kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka: je, wewe ni mwajiriwa wake au anakuhesabu kuwa umejiajiri? Jibu la swali hilo lina thamani kubwa kuliko punguzo lolote la dukani. Kwa sheria ya Uingereza mwajiri ndiye anayepaswa kumpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na haruhusiwi kumtoza gharama yake; tangu Aprili 2022 wajibu huo umewafikia pia wengi wa wale wanaofanya kazi kwa mtindo wa kibarua bila ajira ya kudumu. Anayejitegemea kikweli ndiye anayejinunulia mwenyewe. Wako vijana wengi wanaokabidhiwa orodha kama yako siku ya kwanza, wakaona haya kuuliza, wakamaliza akiba yao kwa vitu ambavyo havikuwa juu yao kununua. Usione haya. Ikiwa wewe ni mwanagenzi mwenye mkataba, sehemu kubwa ya orodha hiyo ni deni la kampuni kwako.

Tuseme sasa kwamba umebaki na mzigo wa kununua wewe mwenyewe, au kwamba unataka vifaa vyako kwa sababu vya kampuni havikukai. Ningekushauri uanze na vile vinavyogusa mwili wako na kuufuata umbo lake, yaani buti, suruali na helmeti, na uviache kwanza vile vya kupandia na vya kukatia. Mwaka wako wa kwanza, ukifundishwa vizuri, utakuwa zaidi wa chini kuliko wa juu: kukokota matawi, kulisha mashine ya kuyasaga, kushika kamba ya mwenzako aliye juu, kukata magogo yaliyokwisha kulala. Hanesi itakuwa imening'inia msumarini wakati buti na suruali zinavaliwa kila siku.

Kwenye suruali ndiko ninakotaka usiharakishe. Suruali ya msumeno haina chuma wala ugumu wowote wa ajabu. Ndani ya kitambaa chake zimepangwa tabaka za nyuzi ndefu zilizolegea, na mnyororo ukipasua kitambaa cha nje unazizoa nyuzi hizo, zinajizungusha kwenye gurudumu linalouendesha, na msumeno unakwama kabla haujazama mguuni. Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini suruali hiyo haishonwi kiholela inapochanika, kwani uzi wa cherehani huzifunga zile nyuzi zisiweze kuvutika. Kwa nini haifuliwi kwa dawa ya kung'arisha nguo. Na kwa nini ikishakatwa na mnyororo, hata mara moja, inatupwa. Utaona imeandikwa daraja. Daraja la 1 limepimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa mita 24, la 3 kwa mita 28. Misumeno mingi ikikanyagwa mafuta hadi mwisho inapita mwendo wa daraja la 1, kwa hiyo usimwamini muuzaji anayekuambia kwamba ukiivaa huwezi kukatwa. Inakupa nafasi ya kupata jeraha dogo badala ya kubwa, na nafasi hiyo inastahili kila senti.

Halafu kuna aina. Aina A hulinda mbele ya mguu tu, na aina C hulinda pande zote. Aliyesimama ardhini ana msumeno mbele yake, kwa hiyo A humtosha; aliye mtini anajipinda, anageuka, mguu unakuwa nyuma ya mkono, na nyuma ya paja huweza kuelekea mnyororo, ndiyo maana wapandaji huvaa C. Kwa kuwa fedha zako ni za suruali moja na nia yako ni kupanda, nunua C, ukijua kwamba Julai utatoka jasho humo kuliko wenzako wa aina A. Ijaribu dukani ukiwa umechuchumaa, kisha uinue goti hadi usawa wa kifua, ukiangalia kama tabaka la kinga linabaki mahali pake. Usikubali kupewa suruali ya kiume iliyokazwa kwa mkanda kiunoni, maana inapolegea mapajani kinga yote huzunguka na kuhamia pembeni. Watengenezaji kadhaa sasa wana saizi za kike. Kama duka la karibu halina, agiza, na kama kozi inaanza kabla haijafika, azima ya chuo.

Buti za ujenzi hazitoshi. Zina chuma kwenye vidole, lakini mnyororo ukiteleza kutoka kwenye gogo hutua juu ya kiganja cha mguu na kwenye mundi, na huko buti ya ujenzi ni ngozi tupu. Tafuta zenye alama ndogo ya msumeno na kiwango cha EN ISO 17249 (EN ni viwango vya Ulaya), zenye kupanda juu ya kifundo, na uzijaribu jioni ukiwa na soksi nene, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya siku nzima ya kusimama.

Helmeti nazo ni za namna mbili, na hapa wanagenzi wengi hununua isiyowafaa kwa kuwa kwa macho zinafanana. Helmeti ya kawaida ya kazi, ya kiwango cha EN 397, ina mkanda wa kidevuni uliokusudiwa kuachia ukivutwa kwa nguvu ya kilo 15 hadi 25 hivi, ili mtu asinyongwe kofia yake ikinaswa mahali. Ya mpandaji, EN 12492, mkanda wake unashikilia hadi kilo 50 hivi, kwa sababu mtu aliyening'inia akiyumba na kugonga shina anaihitaji kofia yake ibaki kichwani hata baada ya kishindo cha kwanza. Nunua hii ya pili tangu mwanzo, iliyo pamoja na vizuia kelele na wavu wa uso. Wavu huzuia vipande vya mti lakini hauzuii unga wa mbao, kwa hiyo vaa miwani ya kazi chini yake. Usiibandike stika wala kuiandika kwa kalamu ya wino mkali, kwani gundi na kemikali nyingine hudhoofisha plastiki bila kuacha dalili.

Hukutaja, lakini ikiwa unavaa hijabu, panga jambo hilo kabla ya siku ya kwanza. Kitambaa chembamba kinachobana kichwa na shingo kama kofia, kisicho na pini na ambacho ncha zake zimeingizwa ndani ya jaketi, hukaa vizuri chini ya helmeti. Mtandio mzito haufai kwa sababu tatu: unaifanya helmeti icheze, unaacha mwanya kati ya sikio na kizuia kelele hivi kwamba kelele inaingia yote, na ncha inayoning'inia karibu na mashine ya kusaga matawi inaweza kumvuta mtu. Pini yoyote chini ya helmeti ni hatari, hata ile ndogo ya plastiki. Mweleze mkufunzi wako mapema ili mkubaliane. Si jambo la kuombea radhi.

Baada ya hapo fedha ndogo iliyobaki inatosha kwa vitu vitatu au vinne ambavyo watu huvidharau. Glavu zenye kinga mgongoni mwa mkono wa kushoto, kwa kuwa huo ndio ulio mbele, karibu na mnyororo. Bandeji kubwa ya jeraha, ambayo mahali pake ni mfukoni mwako au kiunoni, wala si ndani ya gari lililoegeshwa mtaa wa pili. Tupa ya mviringo ya kunolea pamoja na kifaa chake cha kuiongoza, baada ya kuuliza mnyororo wa kampuni ni wa kipimo gani, maana minyororo midogo hunolewa kwa tupa ya milimita 4 na ile ya kati kwa milimita 4.8, mwanagenzi anayejua kunoa vizuri hupendwa na kila mtu kazini, tena mnyororo butu ndio unaomlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu hadi ateleze. Na msumeno wa mkono uliopinda, wa urefu wa sentimita 33 hivi, ulio na ala yake. Ile ya Kijapani hukata unapouvuta, wala si unapousukuma, na wembe wake ni wa kuheshimiwa: majeraha mengi ya vidole hutokea mtu anapolishika tawi kwa mkono mmoja karibu mno na njia ya meno. Sehemu kubwa ya kupogoa hufanywa kwa msumeno huu, na ndio utakaokufundisha uzito wa tawi na jinsi linavyokatika, jambo ambalo injini hulificha kwa haraka yake.

Ule msumeno mdogo wa punguzo uache dukani. Umetengenezwa kwa ajili ya mpandaji aliyekwisha kufundishwa, atumie akiwa juu mtini, wala haukukusudiwa kazi ya ardhini. Wepesi wake na mshiko wake wa juu humshawishi mtu kuushika kwa mkono mmoja, na ncha ya baa, yaani ubao wa chuma unaobeba mnyororo, ikigusa kitu, msumeno unaruka kuelekea usoni bila mkono wa pili wa kuuzuia. Jifunze kwa msumeno wa kampuni wenye mshiko wa nyuma. Punguzo litarudi, maduka hayo hayaishiwi.

Sasa tuje kwa mzee na hanesi yake. Namheshimu kwa nia yake, lakini jibu ni hapana. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kuinulia zinataka kila kifaa kinachombeba mtu kikaguliwe kikamilifu na mkaguzi mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6, na ripoti yake itunzwe. Muulize kama anazo ripoti zote, tarehe ya kutengenezwa, na kitabu cha mtengenezaji. Hata akiwa navyo, nyuzi za hanesi na kamba huzeeka kwa jua, kwa mafuta ya msumeno, kwa petroli, na hasa kwa maji ya betri yaliyomwagika garini, na baadhi ya madhara hayo hayaonekani kwa macho. Kamba huchunguzwa kwa kuipitisha mkononi polepole, mita kwa mita, ukitafuta mahali palipobonyea, palipokuwa pagumu au palipong'aa kwa kuungua. Mikono yako bado haijajua kamba nzima ina hisia gani, kwa hiyo huwezi kuihukumu iliyochoka. Ila mzee huyo anacho kitu kimoja unachokihitaji mno. Mwombe kipande cha kamba ya zamani, akikate kiwe kifupi kiasi cha mita mbili ili asitokee mtu wa kukipandia, kisha akae nawe akufundishe mafundo. Ukifika kwenye kozi ya kupanda ukiwa unalifunga fundo la kujishikilia gizani na kwa glavu, utakuwa umempa mkufunzi wako nafasi ya kukufundisha mengine.

Hanesi utainunua baada ya kozi ya kupanda, ukishajua mwili wako unataka nini, na itakula fedha nyingi peke yake. Siku hiyo usiinunue bila kuning'inia ndani yake dukani kwa dakika 20 nzima, kwa sababu ile inayopendeza ukiwa umesimama huweza kukubana mapaja ukiwa umekaa. Pamoja nayo utahitaji kamba isiyovutika sana, yenye unene wa milimita 11.5 hadi 13, yenye urefu wa mita 35 au 45, karabina, yaani pete za chuma za kuunganishia, zinazojifunga zenyewe na kufunguliwa kwa hatua tatu, na mkanda mfupi wa shinani wenye waya wa chuma ndani, kwa maana kamba tupu hukatwa na mnyororo mara moja. Miongozo ya kazi hiyo nchini Uingereza siku hizi inamtaka mpandaji, kwa kawaida, awe na mifumo miwili ya kamba, kwa hiyo hesabu ya kamba moja haitakutosha. Na kabla ya kupanda mti wowote, uliza nani aliye chini anayeweza kukupandia na kukushusha ukiumia, na vifaa vyake viko wapi. Kama hakuna, usipande. Uliza pia habari za miti ya ash, ambayo ni ya kawaida huko Uingereza: tangu ugonjwa wa kuvu uthibitishwe nchini humo mwaka 2012, mingi imekufa ikiwa imesimama, na mbao zake hukatika ghafla kama biskuti. Mti wa namna hiyo hufanyiwa kazi kutoka kwenye lifti ya gari, na hakuna hanesi, iwe mpya kiasi gani, inayougeuza kuwa mti wa kujifunzia.

SWALI: Salaam mshauri. Mimi ni mkwezi wa minazi hapa Kilifi tangu ujana wangu. Hoteli moja imeniomba nisafishe minazi yake mara kwa mara, nitoe nazi na makuti makavu yasiwaangukie wageni, na pia nipogoe miembe na miarobaini. Mimi hupanda kwa vidato vilivyochongwa shinani, kwa mikono na miguu, na panga kiunoni. Wanataka niwe na vifaa vya usalama. Ninunue nini kwanza, na je, vile vyuma vyenye miiba vya kufunga miguuni vinafaa?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Salaam ndugu yangu. Ujuzi ulio nao wengine huulipia ada, na sitaki mtu yeyote akuambie uutupe. Unachokosa ni kitu cha kukushikilia pale mkono unapoteleza au nyuki wanapotoka. Kwa hiyo anza na hanesi ya kufanyia kazi iliyo mpya, na mikanda miwili ya kuzungusha shinani yenye waya wa chuma ndani. Miwili ni kwa sababu mnazi una makuti makavu na mashada ya kuyapita, na unapoufungua mmoja ili kuuhamishia juu ya kikwazo, mwingine lazima uwe umefungwa. Helmeti yenye mkanda wa kidevuni inafuata.

Vyuma vya miiba viache, isipokuwa kwa mti unaokatwa na kuondolewa. Mnazi haujengi gamba jipya juu ya jeraha kama mwembe. Kila tundu la mwiba, na kila kidato kilichochongwa, hubaki hapo maisha yote ya mti, likiingiza maji na wadudu. Kwenye bustani ya hoteli, ngazi ndefu iliyofungwa shinani kwa sehemu ya chini na mikanda kwa sehemu ya juu ni bora. Panga lako litumie kwa nazi na makuti, ila likiwa limefungwa kwa kamba fupi lisimwangukie mtu, na usipige nalo upande ule mkanda wako ulipo. Kwenye mwembe badilisha, chukua msumeno wa mkono uliopinda, maana panga hupasua tawi na pigo moja likikosea linaweza kufika kwenye kamba yako.

Mambo mawili uyamalize na hoteli kabla ya kuanza. La kwanza ni waya za umeme: mti ulioegemea nyaya haupandwi mpaka Kenya Power wafike, kwani kuti bichi na panga vyote hupitisha umeme. La pili ni mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi wake vifaa vya kujikinga, na ile ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka huohuo, inamhusu mwajiriwa. Wakikuandikia kwamba wewe ni mkandarasi wa kujitegemea, gharama ya vifaa na ya bima iingie kwenye bei yako kwa kila mnazi, na wala usiwaonee haya kuipandisha.

SWALI: Mshauri, nimeuziwa kamba ya kupandia majabali kwenye mitumba hapa Nairobi, inaonekana nzima kabisa. Je, naweza kuianzia kazi ya kupogoa miti?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Usiitumie kumbeba mtu. Kamba nyingi za majabali zimetengenezwa zivutike, ili kulainisha kishindo cha anayeanguka, na mtini mvutiko huo unakufanya upande na kushuka kama aliyekaa kwenye mpira huku msumeno ukiwa mkononi. Juu ya hilo, ni ya mitumba: hujui imeshika maanguko mangapi, imekaa juani muda gani, wala imemwagikiwa na nini. Iwe ya kufungia mizigo, na uikate vipande vifupi leo hii, kabla kijana mwingine wa hapo kwako hajaikuta imekunjwa vizuri akadhani ni ya kupandia. Ukipata fedha, nunua mpya isiyovutika sana, yenye alama ya EN 1891 aina A, ukiangalia kwamba karatasi ya mtengenezaji imo ndani ya mfuko wake na kwamba tarehe iliyomo inasomeka.